Jiwe Lililorudishwa Kwenye Alama

Baba yangu hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Picha ikiinama ukutani kwa jirani, ataomba ruhusa ainyooshe. Benchi la kanisa likitikisika, atasukuma kipande cha mbao chini yake kabla ibada haijaanza. Shamba letu, huko juu kwenye milima ya Taita, lilikuwa na matuta ya mawe aliyoyajenga yeye na babu, na miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuona jiwe limeanguka likalala chini mpaka siku ya pili. Wapita njia walikuwa wakisema huyu mzee analima kwa rula.

Ninaandika juu ya shamba hilo na jinsi lilivyoshuka. Mimi si mwepesi wa kuandika. Niliishia darasa la nane, na barua ya nusu ukurasa hunimalizia jioni nzima. Kuongea ndiko kugumu zaidi. Lakini jambo hili nililiona tangu mwanzo hadi mwisho, na watu wengi bado wanalala chini ya miteremko kama wetu, kwa hiyo nitaliandika hata kama ni mstari mmoja mmoja.

Wakati huo nilikuwa kibarua katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Voi, na bado niko hapo. Kazi yangu ni kupakia na kupakua: simenti, mabati, nondo, vigae. Voi ni joto na vumbi jekundu. Ukiwa pale ni rahisi kusahau kwamba juu, mwendo mfupi tu, watu wamevaa sweta na ukungu unaingia jikoni bila kubisha. Nilikuwa napanda nyumbani Jumamosi jioni na kushuka Jumapili baada ya chakula.

Siku moja alikuja dukani mama mmoja, mwalimu wa chuo kikuu, kununua vyuma vifupi na waya. Alikuwa anachunguza miteremko ya milima yetu, ile inayoporomoka na ile inayokaa. Bosi alinituma nimbebee mzigo. Gari lake lilikuwa bado halijafika, basi tukasubiri uani, kwenye kivuli cha rundo la mbao. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia. Akauliza kama kuna nyufa ardhini.

"Kuna ufa mmoja," nikasema. "Juu ya nyumba, kwenye tuta la migomba. Lakini baba huuziba."

"Anauziba?"

"Kila ukifunguka anaujaza udongo, anashindilia, anapanda majani ya ng'ombe juu yake."

"Mwaka huu umefunguka mara ngapi?"

"Sijui, madam. Mimi hukuta umeshazibwa."

Nilidhani atacheka, kwa sababu watu wakisikia habari za baba yangu hucheka. Hakucheka. Alivuta ubao kutoka kwenye rundo, akaulaza chini, akaupaka udongo wa mfinyanzi uliolowa. Uani kulikuwa na mtaro ambao fundi wa mabomba alikuwa akiuchimba, na udongo wake ulikuwa mwingi. Juu ya udongo akaweka tofali. Kisha tukaanza kuinua ncha moja ya ubao, tukiingiza vipande vya mbao chini yake, kidogo kidogo.

"Msuguano uliusoma shuleni?" akauliza.

"Ndiyo, madam. Ni kitu kinachozuia vitu kuteleza."

"Hawakukuambia kwamba haukai vilevile. Vitu viwili vikilaliana kwa muda mrefu, vinashikana zaidi. Vikianza kutembea, kule kushikana kunalegea. Na vikizidi mbio, pengine kunalegea zaidi."

Hilo nililijua mwilini, ingawa sikuwahi kulisema. Katoni ya vigae ikikaa wiki nzima kwenye sakafu ya stoo, tunaisukuma watu wawili mpaka itoke. Ikishatoka, mmoja anatosha. Nilimwambia hivyo, na nilishangaa kusikia sauti yangu.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Shika hapo hapo, usiiache. Sasa ongeza maji. Maji yakijaa ndani ya udongo yanaubeba mlima kidogo, kama mtu anayekusaidia gunia upande mmoja. Kinachobaki kuelemea chini kimepungua, na kushikana kunapungua pamoja nacho."

Akanyunyizia udongo maji kwa chupa yake ya kunywea. Tofali likaanza kutembea. Aliniambia nisitazame limefika wapi. Nitazame upana wa kidole kimoja unachukua muda gani. Kidole cha kwanza kilichukua muda mrefu mpaka mkono wangu ulioshika ubao ukachoka. Cha pili kilikwenda upesi kuliko hicho. Cha tatu sikukiona, maana tofali lilikuwa tayari juu ya kiatu changu.

"Umeona? Hatukuinua ubao tena, wala hatukuongeza maji. Lilijikimbiza lenyewe." Alifuta mikono. "Lakini si kila mlima uko hivyo. Kuna udongo ambao ukikimbia unashika zaidi, na mlima wake unatambaa miaka na miaka bila kuanguka. Ukiwaambia watu wahame kila wanapoona ufa, watahama bure, na siku ya kweli hawatakusikia."

Sikuwa na kawaida ya kuwauliza wageni maswali. Hilo niliuliza. "Utajuaje ni upi?"

"Kwa kupima. Bila kugusa."

Kabla gari halijafika alinichorea chini kwa kijiti. Kigingi kimoja kinasimikwa juu ya ufa, mahali ambapo ardhi ni imara. Kingine kinasimikwa chini ya ufa, kwenye ardhi unayoishuku. Waya unafungwa kwenye kile cha juu, unavuka ufa, unapita juu ya msumari kwenye kile cha chini, halafu jiwe linaning'inia kwenye ncha yake. Unachora alama kwenye kigingi pale jiwe lilipo. Ardhi ikishuka inakokota kigingi cha chini, na jiwe linapanda. Kila mara jiwe likipanda upana wa kidole, uliza kidole hicho kimechukua siku ngapi. Siku zikifupika, zikafupika tena, safu ya siku hizo inaelekea mahali ambapo hakuna siku iliyobaki.

"Hapo uwe umeshaondoka," akasema. "Na usiniulize saa. Mlima hautoi saa."

Aliniachia kipande cha waya. Sikumwona tena, na kwa wiki nyingi sikumtaja kwa mtu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda na vigingi viwili begani. Baba alikuja kunitazama nikigonga. Mimi nimepewa jina la babu, yule aliyejenga naye matuta, ndiyo maana baba huniita mzee.

"Mzee, unatega ndege?"

"Napima mlima."

"Mlima wa nani?"

"Wako."

Akamgeukia mama aliyekuwa anapita na majani ya ng'ombe. "Umesikia? Ameongea maneno matatu leo. Anua nguo, itanyesha."

Mama alicheka mpaka mzigo ukamteleza kichwani. Mimi niliendelea kufunga waya. Kwenye kigingi cha juu niliuzungusha vizuri, nikaacha mkia wa shibiri moja, kwa sababu waya ni mali na sikutaka kuukata. Niliupaka msumari grisi, nikaning'iniza jiwe, nikachora mstari mwekundu mnene kama kidole kwa rangi iliyobaki koponi dukani. Kisha nikasema, bila kumtazama baba, "Hivi visiguswe na mtu."

"Nani atavigusa?" akasema baba. Alipodhani nimegeuka, alikigonga kigingi cha chini mara moja zaidi, kisimame wima.

Nilipaswa kumweleza habari ya tofali na ubao. Nilijaribu kuyapanga maneno mbele yake wakati wa chakula. Lakini baba ana namna ya kusubiri umalize, huku ameinua nyusi, na mimi nikisubiriwa hukauka. Nikaona ni afadhali jiwe liseme. Lisipopanda, sitahitaji kusema kitu. Likipanda, nitamwonyesha.

Mvua za vuli zikaanza. Zilikuwa za kweli, zile zinazopiga mabati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Kila Jumamosi nilipofika, kabla hata ya kusalimia vizuri, nilipanda kwenye tuta la migomba. Kila Jumamosi jiwe lilikuwa kwenye mstari mwekundu. Si juu yake, si chini yake. Ufa wenyewe ulikuwa umezibwa vizuri kama kaburi jipya.

"Mlima wangu haujambo?" baba aliuliza kila mara.

"Haujambo, baba."

Niliamini. Nilishuka Voi nikipakia simenti kwa moyo mwepesi, nikijiambia kwamba mlima wetu ni wa aina ile inayotambaa tu, au hata kutambaa hautambai.

Halafu katikati ya wiki moja mama akapiga simu. Alitaka nimletee dawa ya mgongo. Baada ya hapo akaongea habari za kawaida, za kuku, za kwaya, na mwishoni akasema, "Baba yako anapiga randa mlango wa jikoni tena, ndiyo hiyo kelele unayosikia."

"Tena?"

"Umekataa kufunga. Jumatatu aliupunguza, ukafunga vizuri. Leo umekataa tena. Ni hii mvua, mbao zinavimba."

Mlango ule ni wa mti mgumu uliokauka kabla sijazaliwa. Tangu niujue, mvua zote hizo zilizowahi kunyesha, haukuwahi kuvimba. Nilisimama na simu sikioni hata mama alipokuwa ameshakata. Mlango usipovimba, basi ni fremu iliyohama. Na fremu imesimama kwenye ukuta, na ukuta umesimama kwenye ardhi.

Nilikwenda kwa bosi. Ni mtu mzuri lakini hapendi kusumbuliwa wakati mzigo umefika.

"Unaomba ruhusa kwa sababu ya nini?"

"Mlango wa jikoni."

"Wa nani?"

"Wa mama."

Akafunga kitabu cha mizigo. "Wewe tangu uje hapa hujaomba hata kwenda kunywa maji. Nenda."

Lori lililokuwa linapeleka mabati Taveta lilinishusha Mwatate, na kutoka hapo nikapanda kwa bodaboda kwenye matope. Kulikuwa na manyunyu. Sikuingia nyumbani. Nilipita nyuma ya zizi, nikapanda moja kwa moja kwenye migomba.

Jiwe lilikuwa kwenye mstari mwekundu.

Nilichuchumaa pale, maji yakiingia shingoni. Nilijiona mjinga aliyeacha kazi kwa ajili ya mlango. Nilikuwa nimeshageuka kushuka ndipo macho yangu yakapita kwenye kigingi cha juu, kile cha ardhi imara, ambacho sikuwa na kawaida ya kukitazama kwa sababu hakina alama. Ule mkia wa waya niliouacha, wa shibiri nzima, haukuwepo. Ilibaki ncha fupi ya kushikwa kwa kucha. Na waya wote uliovuka ufa ulikuwa na vipindo vidogo vidogo, kama waya uliofunguliwa na kuzungushwa upya mara nyingi.

Nilielewa kabla sijataka kuelewa. Jiwe halikukaa kwenye alama. Jiwe lilirudishwa.

Baba alikuwa jikoni na randa yake, maranda yamejaa miguuni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda na ungo, akichagua maharagwe ya kimanga, chakula chetu cha kuponda.

"Mzee. Leo si Jumamosi," baba akasema.

"Baba, ule waya umeugusa?"

"Mimi?" Aliweka randa chini. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Siugusi. Naurekebisha. Watoto wa jirani wanapita pale kutafuta kuni, wanauvuta. Nakuta jiwe lako limepanda, kigingi kimeinama. Nanyoosha kigingi, nalegeza waya kule juu, narudisha jiwe kwenye alama kama ulivyoliacha. Ulitaka ulikute limeharibika?"

Yeye aliona ni wema, na ulikuwa wema kweli. Nilisikia maneno yakianza kukauka kama kawaida yangu. Nikakaa chini, kwenye maranda, ili nisiondoke.

"Ukilikuta limepanda, linakuwa limepanda kiasi gani?"

Aliinua kidole cha shahada, akakilaza. "Hivi. Likifika hapo siwezi kulivumilia. Likiwa chini ya hapo naliacha, nasema labda ni macho."

"Kila mara ni kidole?"

"Kila mara. Mimi sibahatishi."

Nikamwomba mama ungo. Aliusukuma kwangu, akidhani nataka kumsaidia kuchagua. "Baba, mara ya kwanza ilikuwa lini?"

"Eh, mzee, kwani nimeshtakiwa?"

"Nataka kujua tu. Mara ya kwanza."

Akakuna kichwa. "Jumapili ile tulipompokea mchungaji mpya. Nilikuwa na suti, nikachafua suruali."

"Niliifua mimi," mama akasema.

Niliweka maharagwe kwenye ungo, punje moja kwa kila siku, kutoka siku niliyosimika vigingi hadi siku ya mchungaji. Safu ilikwenda mpaka ukingoni.

"Mara ya pili?"

"Alipokuja daktari wa ng'ombe."

"Hapana," mama akasema. "Daktari alikuja jioni. Wewe ulipanda kule asubuhi ile ya mazishi ya yule mwalimu wa shule ya msingi, nikakwambia utachelewa kubeba jeneza."

"Hiyo ni ya tatu. Daktari alikuja kabla ya mazishi."

"Kabla?"

"Mwalimu mwenyewe alikuwa hai. Ndiye aliyemshika ng'ombe pembe."

Mama akakubali. Niliweka safu ya daktari, halafu ya mazishi. Ya daktari ilikuwa fupi kuliko ya mchungaji, na ya mazishi ilikuwa fupi kuliko ya daktari. Halafu kulikuwa na siku ya soko ambayo walibishana kama ilikuwa ya wiki hii au iliyopita, mama akashinda kwa sababu ya chumvi aliyonunua. Halafu Jumatatu, siku ya mlango. Baada ya hapo baba hakuhitaji kukumbuka kwa suti wala kwa ng'ombe. Alisema "juzi," akasema "jana," na sauti yake ikaanza kupungua. Kisha akasema, "Leo asubuhi." Akapangusa maranda magotini. "Na leo saa saba, kabla ya kula."

Kwa mara hiyo ya mwisho sikuwa na punje ya kuweka.

Safu zangu hazikuwa zimenyooka. Mimi si baba. Aliziangalia kwa muda, na mkono wake ukaja wenyewe, kama ninavyoujua, ukaanza kuzipanga. Alizisukuma zote zianzie ukingo mmoja, moja chini ya nyingine, akaacha nafasi sawa kati ya punje na punje. Alipomaliza upande wa kushoto ulikuwa wima kama ukuta wake. Upande wa kulia ulikuwa unashuka ukielekea kushoto, safu kwa safu, mpaka chini ambako pande mbili zilikaribia kugusana.

Alikaa akiitazama kazi ya mikono yake.

"Safu inayofuata ni ipi?" akauliza.

"Hakuna, baba. Ndiyo hiyo."

Ndipo nikamweleza habari ya tofali. Nilieleza polepole na vibaya, nikarudi nyuma mara kadhaa, lakini hakuinua nyusi. Alisikiliza akiwa ameshika punje moja. Nilipofika mahali tofali lilipojikimbiza bila kusukumwa, mama aliinuka akauliza, "Nifungashe?"

"Fungasha," baba akasema.

Tulitoka mchana ule ule, mwanga ukiwa bado upo. Shangazi yangu anakaa mgongo wa pili wa mlima, ng'ambo ya bonde, na tulikwenda kwake na ng'ombe, kuku, magodoro na masufuria. Chini yetu kulikuwa na nyumba moja tu, ya mjane mmoja. Baba alikwenda kumwambia mwenyewe. Nilimsikia akisema, "Mama, funga kuku wako, tunatembea." Yule mama akasema watu wakizeeka wanaogopa hata mvua. Baba akamjibu kwamba kati yao mjane ndiye mkubwa kwa umri, basi na aogope kwanza. Akaja, akinung'unika, na kuku wake kwenye kikapu. Kitu cha mwisho baba alichobeba ni ule mlango wa jikoni. Aling'oa bawaba akaubeba kichwani kuvuka bonde.

Asubuhi jua lilitoka. Mbingu ilikuwa safi kabisa, majani yanametameta, na kutoka kwa shangazi tuliiona nyumba yetu ng'ambo ikiwa imesimama salama na bati linang'aa. Mjane alipika chai akirusha maneno bila kutaja anamlenga nani. Shangazi aliniangalia kwa huruma. Mimi nilikuwa natazama migomba. Kutoka mbali ilionekana wima, isipokuwa ile ya tuta la juu. Hiyo ilikuwa imeinama nyuma, kuelekea mlimani, kama watu wanaokataa kuvutwa.

Baba alichukua jembe na karai la shangazi.

"Unaenda wapi?" nikauliza.

"Mvua imekatika. Nikauzibe ule ufa kabla maji mengine hayajaingia. Nitarudi chai ikiwa moto."

Alishika njia ya bondeni. Niliwahi mbele yake nikasimama pale njia inapobana kati ya mwamba na ua wa shangazi. Katika nyumba yetu mtoto hasimami njiani mbele ya baba yake.

"Nipishe, mzee."

"Sipishi."

Akadhani hajasikia. "Nini?"

"Sipishi, baba. Mvua imekatika juu, chini maji bado yanashuka. Na hata yakikoma. Katoni ya vigae ikishatoka mahali pake haiulizi kama bado unaisukuma. Ulizipanga mwenyewe zile safu. Mimi zangu zilikuwa zimepinda, ukazinyoosha wewe. Ufa ule hauhitaji udongo. Unahitaji wewe usiwe chini yake. Ukitaka kupita utanisukuma, na mimi hubeba simenti."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa pamoja, kabla ya siku ile wala baadaye. Shangazi alikuwa ametoka na sufuria mkononi. Baba alinitazama kuanzia miguu hadi uso, kwa namna anavyotazama ukuta akitafuta mahali ulipotoka nje ya mstari. Halafu alicheka kidogo, bila sauti, akaweka karai chini.

"Baba yangu amekataa nisiende," alimwambia shangazi. "Nitafanyaje? Huyu ndiye aliyenifundisha kujenga."

Akakaa juu ya karai lililopinduliwa, akiwa amelaza jembe mapajani. Nilikaa njiani, pale pale, kwa sababu namjua. Chai ikaletwa. Chai ikapoa. Alisimama mara moja, nami nikasimama, akakaa.

Jua lilikuwa limepanda vizuri wakati ng'ombe alipoinua kichwa. Kwanza ndege walianza kuruka kutoka kwenye migomba yote kwa pamoja. Kisha migomba ikaanza kutembea. Haikuanguka. Ilishuka ikiwa imesimama, tuta zima kwa pamoja, na kwa muda mfupi ilikuwa kama watu wanaotoka kanisani kwa utaratibu. Tuta la pili likajikunja chini yake. Ndipo sauti ikafika kwetu, si ya mlipuko, ni kama lori la kokoto linamwaga na haliishi kumwaga. Mwendo ukazidi, na nikajikuta nimenyoosha kidole kimoja hewani kana kwamba ningeweza kupima. Jiko liliondoka. Bati la nyumba liligeuka, likang'aa mara moja, likazama. Udongo mwekundu ulifika kwa mjane, ukapita juu ya kibanda chake cha kuku, ukatulia kwenye ukingo wa kijito.

Mjane aliweka mkono juu ya kikapu chenye kuku, akauacha hapo. Mama alishika mkono wa baba, jambo ambalo sikuwahi kuliona mchana. Baba alitazama mahali palipokuwa na matuta ya babu, na midomo yake ilikuwa inatembea. Nadhani alikuwa anayahesabu.

Kisha akasema, "Kama ningeziba, ningekuwa pale juu nimeinama."

"Ndiyo, baba."

"Na ningekuwa nashindilia."

Siku hizi baba na mama wanakaa kwenye kiwanja walichopewa na kanisa, mahali pa tambarare, na jiko jipya lina ule mlango wa zamani. Ilibidi baba auongezee ubao pembeni kwa sababu ya yote aliyoyapunguza kwa randa. Unafunga vizuri. Mimi niko Voi bado, lakini Jumamosi nikipanda sina muda wa kupumzika, maana watu wa mgongo ule wananiita niwasimikie vigingi mahali penye nyufa. Wengine vigingi vyao havijasogea hata unywele, nami huwaambia hivyo, na kwamba waendelee kulima. Kwa wengine jiwe linapanda polepole na siku za kidole hazifupiki, basi tunasubiri na kutazama. Bado naona haya kuongea nao. Baba hunisindikiza ili aongee yeye.

Jambo la kwanza analowaambia ni kwamba ufa usizibwe na jiwe lisirudishwe. Anasema hivyo kwa ukali, kama mtu aliyelibuni mwenyewe.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa familia moja ambayo kigingi chao cha chini kilikuwa kimeinama kidogo kuelekea bondeni. Mwenye shamba alikuwa anatueleza habari za mvua. Nilimwona baba akikitazama kile kigingi. Alisogea hatua moja. Akasimama, akapeleka mikono nyuma, akafungamanisha vidole, akaibana hivyo hadi mwenye shamba alipomaliza kuongea na mimi nilipomaliza kupima.

"Kidole kimechukua siku ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia. Zilikuwa pungufu kuliko mara iliyopita.

"Waambie," akasema, na hakuitoa mikono.

Nikageuka, nikawaambia.